Mkono Usiosikia Moto

Mtaa wa Magengeni,
Kilwa Kivinje.
Ijumaa, 12 Julai 2024.

Mpendwa wifi yangu Kazija,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Njinjo, wewe na mama mdogo Somoe, ambaye nampa shikamoo yake nikiwa nimepiga magoti. Kifua chake kinaendeleaje na baridi hii? Ufuta mmeshamaliza kupukuta? Na mkono wako, wifi, vipi? La mkono nimeliweka mwisho kwa sababu sina uso wa kuliuliza.

Sisi huku tu wazima. Kaka yako Tawakali mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuona adui. Watoto hawajambo, wanauliza shangazi anarudi lini, nami najifanya nina kazi jikoni.

Simu zangu hupokei, na ningekuwa mimi nisingepokea pia. Basi nimeona niandike. Nurdin wa hapa mtaani anakuja huko kununua ufuta, ndiye nimempa bahasha hii, nikamwambia aikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Nakuomba uisome mpaka chini hata ukikasirika katikati. Utakasirika.

Nianze na ile harusi ya mwaka jana, maana dhambi yangu inaanzia hapo. Unakumbuka nilivyokuita mbele ya akina mama, uipue sufuria ya pilau kwa mikono mitupu? Nilikuwa nimekwisha kujisifu, wifi yangu ana mkono wa chuma, yeye vishikio ni vya wasichana wa mjini. Ukaipua. Wakakupigia vigelegele, wakakutunza kanga mbili, na mimi nikatembea kifua mbele kana kwamba mkono ni wangu. Asubuhi yake nikaona malengelenge kwenye vidole vyako, ukacheka, ukasema hayaumi. Nami nikacheka. Mtu mzima na akili zangu, naona malengelenge yasiyouma na bado nacheka!

Kisha ikaja siku ile ya Januari, unachoma vitumbua huku unanisimulia habari za Lindi, nami nikasikia harufu ya nyama. Kidole chako kilikuwa kimelala kwenye chuma cha vitumbua na wewe unaendelea na hadithi. Nilikuvuta kwa nguvu mpaka ukaniuliza nina wazimu gani. Nilidhani umechezewa na wachawi. Wewe ukawa na akili kuliko mimi, ukaenda hospitali peke yako, ukarudi na pakiti ya vidonge, na jina la ugonjwa ukaniambia mimi wa kwanza: ukoma. Uliniamini.

Nilichokufanyia baada ya hapo unakijua. Kesho yake nilikutolea kikombe cha bluu na sahani yake. Ukavitazama, ukasema kwa sauti ya chini, "Wifi, hiki ndicho changu?" Nikasema ndicho, nikageuka kupepeta mchele uliokuwa safi. Ramadhani nzima sote tukafuturu kwenye sinia moja, na wewe sahani yako pembeni, karibu na mlango. Kaka yako alipouliza nikamwambia umeagizwa na daktari. Mungu ananiona, hakuna daktari aliyeagiza hivyo.

Hayo unayajua. Sasa nakuja kwenye lile usilolijua.

Baada ya Idi, wateja wa vitumbua walipokukatikia wote ndani ya juma moja, ulisema siri imetolewa na yule nesi wa kliniki, Bi Valeria, kwa kuwa ndiye pekee wa nje aliyejua. Ukaapa hutakanyaga tena kwake. Tawakali akaenda akamtukana mbele za watu, akamwambia hana amana. Wewe ukafunga mzigo ukaenda zako Njinjo, na dawa ukaziacha huku huku kliniki.

Si Bi Valeria, wifi. Ni mimi. Nilimwambia Zuhura, jirani yetu, pale bombani tukingoja zamu ya maji. Nikamwapisha asimwambie mtu, na ukishamwapisha mtu hivyo ndiyo umempa la kusema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nawe ulikuwa ukitafuta mbali. Kaka yako alipokwenda kumtukana mama wa watu, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nafunga ushungi. Ningeweza kumwita arudi. Sikumwita. Natamani niandike kwamba nilichelewa, lakini sikuchelewa, hata kofia yake alikuwa bado hajaichukua kwangu.

Bi Valeria ndiye aliyekuja mwenyewe, Jumatatu mbili zilizopita. Ni mtu wa bara, wa kule uwanda wa Makonde, mrefu, na hana maneno mengi. Nilijua amekuja kulipiza matusi. Kumbe amekuja kukutafuta wewe, kwa kuwa pakiti ya Mei hukuichukua, na ya Juni hukuichukua. Akakaa kwenye mkeka wangu akataka kutupima sote tulioishi nawe. Akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba hapa na pale, nimwonyeshe alipogusa. Nikahisi pote. Sina kitu, wala watoto hawana, wala kaka yako. Akatupa dawa ya kinga ya kumeza mara moja.

Nikamwuliza, mtu anaunguaje asijue? Ndipo akanieleza, nami nakuandikia kama nilivyoelewa, maana hata wewe nadhani hujaelezwa vizuri.

Mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kupokea habari na kuipeleka mbele. Kila moja ina vijitawi vya kupokelea na mkia mrefu wa kupelekea. Ipo ambayo mkia wake unaanzia kwenye ncha ya kidole na kupanda mkono mzima mpaka uti wa mgongo, seli moja hiyo hiyo, nyembamba kuliko unywele. Mikia hiyo ikikusanyika pamoja ndiyo tunayoiita mishipa ya fahamu. Ukigusa moto, habari inapanda kama umeme mdogo, na uti wa mgongo unaurudisha mkono kabla hata ubongo haujajua kuna nini. Ndiyo maana mtu hutoa mkono kwanza, kilio kikafuata.

Lakini seli na seli hazigusani. Kati yao pana upenyo mdogo ambao ule umeme hauruki. Pale mwisho seli inamwaga dawa yake kidogo sana, ya pili inaipokea, na umeme unaanza upya. Nikamwambia basi ni kama sisi kwenye shughuli, wanawake wa jikoni tunaishia kwenye pazia, sinia tunampa mwingine aingie nalo barazani. Akacheka, akasema ndivyo. Nilifurahi kusifiwa, wifi, mpaka nikasahau nilivyo.

Halafu akasema neno ambalo sijalala nalo vizuri mpaka leo. Si kila seli hupitisha, alisema. Zipo ambazo kazi yake ni kuzuia, zinammwagia mwenzao dawa ya kumtuliza, na habari inaishia hapo. Bila hizo mwili mzima ungekuwa unarukaruka. Nikainamisha kichwa. Siri yako ilifika kwangu, nami ningeweza kuwa ile inayozuia. Nikaipitisha bombani, na hata ndoo yangu ilikuwa haijajaa.

Wadudu wa ukoma, akasema, wanapenda sehemu za mwili zenye baridi, kama mikono na miguu. Wanakaa kwenye ala inayofunika ile mikia, inavimba, mkia unabanwa, na habari inakwama njiani. Ukijigonga kiwiko ukasikia ganzi mpaka kidole cha mwisho, mshipa wenyewe ndio huo. Wako alisema umenenepa. Na ugonjwa hauli vidole kama tulivyoambiwa utotoni. Vidole vinakwisha kwa majeraha ambayo mwenyewe hayahisi. Nikamsimulia ile harusi, na sufuria, na vigelegele. Akasema:

"Ule haukuwa ushujaa, Bi Mwahija. Mkono ulikuwa ukiungua, ila habari haikufika."

Hapo nililia, na nikamwambia kila kitu, Zuhura, bomba, matusi aliyobebeshwa bure. Hakunifariji, na nilistahili hivyo. Alichosema ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe wala sahani. Unapita kwa hewa, kwa kukaa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na mtu akishaanza dawa haukawii kuacha kuambukiza. Kwa hiyo siku zote ulizofuturu pale mlangoni, wifi, hukuwa hatari kwa mtu yeyote. Mishipa yangu mimi ni mizima yote, nimepimwa, na bado nilikutazama ukila peke yako mwezi mzima nisihisi kitu.

Juzi nimemwambia Tawakali. Nilitegemea makelele. Alivaa kofia yake akatoka, akaenda moja kwa moja kliniki kumwomba radhi Bi Valeria mbele ya watu wale wale. Aliporudi nilikuwa nimekishika kile kikombe cha bluu nataka kukivunja. Akanikataza, akasema kikae niwe nakiona. Sasa nanywea mimi chai yangu.

Zuhura naye nilimfuata pale pale bombani, nikasema mbele ya wenzake kwamba nilikusengenya, na niliyoyasema, kwamba vyombo vyako vinaambukiza, yalikuwa uongo wa mjinga. Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nimeokoka. Waache wacheke.

Sasa sikiliza, na hapa sikutanii. Ndani ya bahasha mna karatasi ya Bi Valeria ya kukuhamishia zahanati ya hapo Njinjo, ukitaka kuendelea na dawa huko bila kuniona mimi. Anasema miezi miwili uliyoikosa bado haijaharibu kila kitu, ila kila siku inayopita mshipa unazidi kufa, na ukishakufa kabisa vidonge haviufufui. Ukisikia kiwiko kinauma ghafla au vidole vinalegea, nenda siku hiyo hiyo. Mikono uitazame kila jioni, macho yafanye kazi ya ngozi, uiloweke maji kisha uipake mafuta. Nimekushonea vishikio vinne kwa ile kanga yangu ya harusini. Ukiipua chungu bila vishikio nitajua, mama mdogo ataniambia.

Usijisumbue kunisamehe sasa. Meza dawa kwanza. Msamaha unaweza kukaa hata miaka, mkono haukai.

Na siku utakayopenda kurudi, chumba chako kiko, nimekipaka chokaa. Usije kupika. Njoo ukae kwenye mkeka, nikupakulie mimi, tule sinia moja, na Zuhura nitamwita atuone. Ukisema hutaki kula na mimi, sinia litakuwa lako wewe na kaka yako na watoto. Mimi nitachukua ile sahani, nitakaa pale karibu na mlango, mpaka utakaponiita.

Nisalimie mama mdogo Somoe, na majirani wote waliokupokea huko bila kukuuliza maswali. Tawakali anakusalimu sana, ameninyang'anya kalamu akashindwa la kuandika, akanirudishia. Bi Valeria naye anakusalimu, anasema hana kinyongo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi mkono wako, kidole kwa kidole, akurudishie wateja wako na zaidi.

Ni mimi wifi yako, niliyetoa siri yako na ninayekupenda,

Mwahija