Firigisi ya Mgeni wa Kwanza

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kaloleni hatujambo. Vitanda vimejaa na sufuria hazipoi. Umeuliza nani alikuwa mgeni wetu wa kwanza wazazi wangu walipoanza kulisha na kulaza watu nyumbani.

Alikuwa dereva Mkamba. Mama alimpikia kuku, akiomba akae angalau mwezi. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, lakini yeye hakujua. Akaitafuna mbele ya baba. Mama akafumba macho: biashara imekufa siku ya kwanza.

“Kijana,” baba akasema, “umekula cheo changu. Basi kesho ufagie uwanja kama mwenye nyumba.”

“Sawa, mzee. Ufagio uko wapi?”

Nikacheka, akaniona.

Mpaka leo anafagia, na firigisi namwekea. Babu yako anakusalimu sana.

Nyanya yako