Wimbo Niliouruka

Jumapili, alasiri. Kumepoa, upepo unaingiza vumbi la hapa kijijini Nkowe mpaka ndani ya chai. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha.

Jana nilitafsiri filamu tatu mfululizo pale kwenye banda langu la video, maiki mkononi, sauti zote mimi: polisi mimi, mchumba mimi, mpaka mbwa mimi. Ya mwisho ndiyo niliyoifuata Nachingwea kwa bodaboda. Filamu fupi ya zamani ya huko Ayalandi, ya kuchekesha, watu kila saa wanaimba. Ng'ombe wa jirani anakula kabichi za mzee mmoja, wanapigana ngumi, mwishoni, nilivyoambiwa na muuzaji, wanapatana.

Niliitafuta kwa ajili ya watu wawili. Mzee Chinguile, ambaye ufuta wake uliliwa na ng'ombe mwezi uliopita, na Masanja, mwenye ng'ombe hao, aliyehamia huku kutoka Kanda ya Ziwa. Tangu siku ile hawasalimiani. Wote jirani zangu, na ni mimi niliyewabembeleza waje. Wakakaa benchi moja.

Sasa, watazamaji wangu hawapendi nyimbo. Wimbo ukianza wanapiga miluzi, nami huupeleka mbele. Mkono umeshazoea. Koo linawaka, macho mazito, wimbo wa mwisho ukaanza, nikabonyeza.

Kumbe walipatana ndani ya wimbo; nilikuja kuurudisha na kuutazama wote usiku, watu wakishaondoka.

Walichoona watu ni ngumi, kabichi zilizokanyagwa, basi, filamu imekwisha. Mzee Chinguile akanyanyuka, akasema hata Ulaya wafugaji ni wale wale. Masanja akatoka bila kuniaga. Niliona aibu mpaka nikasahau kuzima jenereta.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Masanja kumweleza. Alikuwa anakamua, akanisikiliza bila kugeuka. Nikamsimulia wimbo wote, walivyocheza, walivyokumbatiana.

"Na kabichi alilipa?" akaniuliza.

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, waliimba tu.

Akacheka kidogo, kivivu. "Basi kaka, mwambie mzee ufuta wake nitaulipa. Kuimba mimi sijui."

Nilijikaza nisilie, mtu mzima mimi.

Jioni naenda kwa Mzee Chinguile. Nitamfikishia kama alivyosema Masanja, nisiongeze langu hata neno moja.