Usifute Kikohozi cha Baba Yako

Kitinda mimba wangu,

Nimewahi zamu, sikutaka kukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Anika zile nguo. Tableti iko kwenye chaji, ~~usiiguse mpaka nirudi~~ iguse, ila nisikilize kwanza.

Asubuhi nimeitazama video unayomtengenezea kaka yako. Umeikatakata vizuri na muziki umeweka. Lakini baba yenu hayumo! Najua sura yake haipo popote, maana kamera alikuwa anashika yeye miaka yote. Kilichobaki ni kikohozi chake na kule kutuamrisha akiwa nyuma ya kamera. Na hicho ndicho ulichofuta, eti kelele. Wewe mtoto, ungemwambia hivyo usoni?

Rudisha sauti yake yote. Muziki mpigie kaka yako siku nyingine.

Usinione nimechanganyikiwa. Nilifungua ile ya zamani, ambayo hujaigusa, nikaiacha icheze huko kwenye chaji, mimi nimekaa hapa dirishani nimeinama nafunga viatu. Nikamsikia mgongoni, karibu kabisa, na kikohozi chake kwanza: "Mama watoto, sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Miaka miwili tangu tumzike, na mimi nikajibu, "Haya, nasogea." Nikasogeza kiti mpaka ukutani.

Ukikikuta kimekaa ovyo huko, kiache. Usikirudishe dirishani.

Mama yako