Mama, Kumbe Mchele Ulikuwa Safi

Mama,

Barua zangu zote kutoka huku nilizianza na hujambo, na mwisho nikauliza miguu inaendeleaje. Hii sijui niianzie wapi. Hali siwezi kukuuliza. Miguu haikuumi tena, hilo nalijua, na ndilo ninalojipoza nalo. Basi pokea salamu, ndefu kama ulivyozipenda, na Mungu akuweke mahali penye nafasi na ubaridi.

Na zile barua hukuzisoma wewe. Ulimwita Somo, akakaa kizingitini akakusomea, na pale nilipokosea herufi alicheka, nawe ukamkanya, "Usimcheke mamako. Mimi ndiye niliyemtoa shule." Darasa la nne, mama. Ulilibeba jambo hilo mpaka ukaenda nalo. Mimi sikukulaumu hata siku moja. Nilitaka nikwambie hivyo, na kila nikiandika nilisahau, nikaishia kwenye miguu.

Leo msomaji wako ndiye habari yenyewe.

Somo amefanya ule mtihani. Ni ule aliokuwa akiutaja tangu kidato cha pili, wa chuo kinachowachuja chenyewe watoto wanaotaka udaktari, hata kama cheti cha shule ni kizuri. Wewe ulimwambia utakuwa mgonjwa wake wa kwanza, na goti la kulia ndilo aanze nalo.

Alikwenda Mombasa kuufanya, wifi Saumu akamsindikiza. Mimi siku hiyo nilikuwa nasugua ngazi za nyumba hii ya Malqa, na kila ngazi nikamsomea dua. Saa za Riyadhi na za kwetu ni sawasawa, kwa hiyo niliijua dakika aliyoingia na dakika aliyotoka. Nikampigia. Hakushika. Nikapiga tena, na tena. Mwisho akashika Saumu, akasema, "Wifi, mtoto analia. Ngoja kwanza."

Nilichokuja kuelezwa ni hiki. Maswali yalikuwa mengi kuliko muda, na mikono yake ilikuwa na jasho. Akafunua karatasi mbili kwa pamoja. Hakujua. Aliendelea mpaka mwisho, na pale walipoambiwa weka kalamu chini ndipo alipoona ukurasa mzima mweupe, maswali yake yamekaa tu yanamtazama. Ukurasa mmoja, mama. Na yote mengine aliyojibu ameyasahau, anauona huo tu. Saumu anasema hata akipewa chai anaikodolea macho mpaka inapoa. Chakula anakizungusha kwenye sahani. Akisikia simu inalia anashtuka anashika kifua.

Na anayepiga simu ni mimi.

Sikujua kufanya lingine. Asubuhi nampigia, mchana nampigia. Namwambia usijali. Namtumia dua. Namwambia Mungu yupo. Namuuliza umekula nini, umelala saa ngapi, matokeo wamesema lini. Mpaka siku moja akaniambia taratibu, kwa ile sauti yako unapokuwa umechoka na mtu, "Mama, kila ukiniambia nisijali ndiyo najua kuna la kujali."

Nikaacha kupiga. Siku mbili nilikaa na simu mfukoni mwa aproni kama kaa la moto.

Siku ya tatu, nilikuwa naosha kuku, ukaingia ujumbe wake. "Mama, nitafutie ajenti. Nataka nije kufanya kazi huko kama wewe. Shule basi."

Nilikaa chini palepale, kwenye vigae vya jikoni, na mikono yangu ya kuku. Nilisoma mara nyingi nikidhani nimekosea kusoma, maana mimi husoma na kukosea. Sikukosea. Kisha, mama, nikafanya jambo la kijinga. Nikamrekodia sauti nikiwa na hasira. Nikamwambia, mimi nimekuja kufua nguo za watu ili wewe usije kufua, na kama unataka kunizika basi fanya hivyo. Maneno hayo hukunifundisha wewe. Sijui yalitoka wapi. Yalitoka kwenye hofu.

Hakuniandikia tena.

Hapo ndipo nilipokulilia zaidi, kuliko siku ile kaka Omari aliponipigia kuniambia umetutoka. Siku ile nilikuwa napiga pasi kanzu za bosi, na wao wakakuzika alasiri ileile kama inavyopasa, nami nikamaliza kanzu zilizobaki kwa sababu mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Sikulia vizuri. Nililia baada ya miezi minane, kwa sababu ya Somo. Nilikuwa nataka nikuulize swali moja tu: ulikuwa ukimfanya nini akishikwa na hofu vile? Maana wewe ndiye uliyemlea. Mimi nilikuwa namlea kwa simu. Nilimpa jina lako, mkawa masomo wawili, nikawaacha pamoja kizingitini, na mambo yenu mliyajua nyinyi.

Nilipoinua macho nikauona uteo.

Nilishawahi kukuandikia kuhusu huu uteo. Tulipokuwa bado Jidda, kabla bosi hajahamishiwa kazi huku, madam alinipeleka Balad, mji mkongwe, kununua viungo vya Ramadhani. Katika vichochoro vile vya maduka nilimwona mama mmoja mweusi kama sisi, ameketi na vitu vya majani ya mtende, na juu kabisa kulikuwa na uteo wa kupepetea, mduara wake kama wako hasa. Nikasimama. Madam akaniambia yalla, yalla, twende, jua kali. Nikaununua. Madam akacheka, akauliza utapepeta nini, hapa mchele wote nadhifu. Sikumjibu. Niliutaka tu ukutani. Jidda kuna bahari, hewa ina chumvi, ningeweza kujidanganya niko karibu na nyumbani. Riyadhi ni kavu, midomo inapasuka, na uteo ule ndio ulionifaa zaidi.

Nikakumbuka. Somo akiwa mdogo, kila alipokuwa na mtihani, nikipiga simu ulikuwa ukiniambia, "Hawezi kuja, anachagua mchele." Na mimi mwenyewe, ile siku kabla ya safari yangu ya kwanza, natetemeka siwezi hata kufunga begi, ukaniwekea uteo mapajani ukasema, "Hebu nichagulie mchele huu, una mawe." Mchana kutwa nikachagua. Nilinung'unika moyoni, mchele gani huu wenye mawe kiasi hiki, Omari ameununua wapi. Lakini alasiri ilipofika mikono yangu ilikuwa imetulia, na begi nikalifunga mwenyewe.

Basi nikapanga. Ijumaa baada ya swala, madam na bosi na watoto huenda kwa wazazi wao kule Nasiim, nyumba inabaki yangu. Lakini mchele wa huku hauna kitu cha kuchagua, mama. Mweupe, mrefu, umeoshwa na mashine. Nikatoka uani, nikaokota changarawe kwenye vitanda vya maua, ndogondogo. Nikaziosha kwenye sinki la nje. Musyoka, dereva wa bosi, Mkamba wa Machakos, alikuwa anapangusa gari.

"Sista Mishi, leo tunapikiwa mawe?"

Nikamwambia, "Nyamaza, ni dawa."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akatikisa kichwa akarudi kwenye gari lake.

Nikampigia Somo simu ya video. Sikutegemea atashika. Akashika. Mama, amekonda. Nikamwambia, sitakuuliza kitu leo. Sitakwambia usijali. Na yale niliyosema siku ile nisamehe, yalikuwa ya hofu. Nimekaa nichague mchele, ukitaka kaa na mimi, ukitaka kata simu. Nikaiegemeza simu kwenye birika, nikamimina mchele kwenye uteo, nikachukua zile changarawe nikazimwaga juu, nikachanganya kwa mkono.

Nikasikia kicheko. Kidogo, cha puani. Mara ya kwanza tangu mtihani.

"Mama, na wewe pia unatia mawe? Kama bibi?"

Nikamuuliza, kwani bibi alitia mawe?

Akainuka akaenda. Nikaona dari tu ya nyumba yako, ile sehemu iliyoingia maji. Akarudi na kopo la maziwa ya unga, lenye kutu mdomoni. Akalitikisa. Likalia kama kayamba. Akasema, "Haya ndiyo mawe ya bibi. Mchele haukuwa na mawe, mama. Bibi alikuwa anatia mwenyewe, anakuja na uteo, ukimaliza kuyatoa anayakusanya anarudisha koponi mpaka safari nyingine." Somo alikuwa na umri wa miaka tisa alipokuona kupitia dirisha la jikoni.

Nikamuuliza, na ulipojua, kwa nini uliendelea kuchagua?

Akasema, "Nilikuwa nachagua ili bibi aone nimetulia. Halafu natulia kweli."

Mama, nilichagua mchele wangu tu, macho yamejaa, silioni jiwe wala punje. Miaka yote nilidhani mchana ule wa safari nilikusaidia kazi. Na wewe ulikuwa umekaa mlangoni unamenya muhogo, huniangalii, kumbe ulikuwa unaniangalia. Mchele ulikuwa safi. Mawe yale yale aliyoyashika Somo niliyashika mimi. Pengine na wewe kuna aliyekutilia, siwezi tena kukuuliza.

Somo akaleta uteo wako, akamimina mchele, akatia mawe ya kopo. Tukachagua pamoja, yeye Kwale, mimi Riyadhi. Nilisikia jogoo wa jirani yetu, na Saumu akimfokea mtu kule nyuma. Baada ya muda mrefu, akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Ule ukurasa ulikuwa wa moyo." Nikauliza moyo gani. Akasema maswali ya moyo, damu inavyoingia na kutoka, na hayo anayajua yote. Akaanza kunieleza. Mlango huu unafunguka, ule unafungwa, damu inakwenda mapafuni inarudi. Sikuelewa hata nusu. Nikawa naitikia tu, enhe, enhe, kama ulivyokuwa ukiniitikia kwenye simu. Alieleza ukurasa wote, mama. Alipomaliza akaniambia ana njaa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mchele ule niliurudisha kwenye ndoo ya mchele wa nyumba, nikijua nimetoa changarawe zote. Jumamosi bosi akauma moja. Alishika shavu. Madam akaja jikoni akamwaga ndoo, akapata nyingine mbili. Kabla sijafungua mdomo alishampa Musyoka gunia zima, akalirudishe dukani. Musyoka akarudi na gunia jipya, kifua mbele, ameshinda. Akaninong'oneza, "Sista, nimegombana na yule mtu mpaka akaita mkubwa wake. Kumbe mawe yenyewe ni ile dawa yako."

Sikuweza kukaa nalo. Nikaenda kwa madam nikamwambia mawe ni yangu, duka halina kosa, na kwa nini niliyatia. Kiarabu changu hakitoshi kusema jambo kama hilo, nikalisema nusu kwa mikono. Akasema, "Mishi, wewe majnuni, una wazimu?" Kisha akauliza binti ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na tisa. Akamtuma Musyoka arudi dukani aombe radhi, na hapo ndipo Musyoka aliponinunia, hajanisamehe mpaka leo. Kwangu mimi madam aliweka pakiti ndogo ya mchele juu ya friji. Akasema huu wako, Ijumaa, na mchele wetu usiuguse tena, halas, basi.

Sitakudanganya kwamba Somo amepona. Jana alinitumia ujumbe kwamba aliamka moyo unamwenda mbio na ule ukurasa mweupe bado unamjia. Lakini anakula. Kuhusu ajenti nilimuuliza mara moja tu, akasema, "Tungoje kwanza." Neno hilo tungoje nimelishika, nalala nalo. Kopo la mawe Saumu alitaka kulitupa katika usafi wa Idi. Somo ameliweka chumbani kwake, kando ya vitabu.

Nakukosa, mama. Nakukosa kwa vitu ambavyo sikuvijua wakati upo. Nilikuwa nikikupigia simu naongea mimi tu, kazi, madam, miguu yako, na wewe enhe, enhe, na mimi nikadhani huna la kusema. Kumbe ulikuwa unanichagulia.

Matokeo ni Alhamisi. Nimeshamwomba madam asubuhi yote, amekubali. Nitakuwa na Somo kwenye simu kabla hajafungua. Sitamwambia atafaulu, maana sijui. Sitamwambia asijali. Tutakuwa tumekaa na uteo wetu, huu na ule, na afungue akiwa tayari, na kama ni ndiyo tutaupika mchele, na kama ni hapana tutaupika vilevile.

Barua hii nitamtumia yeye, aje akusomee mahali ulipolala. Atacheka herufi zangu. Safari hii mwache acheke.

Mkataba wangu ukiisha sitaongeza mwingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Nitarudi nikae kizingitini, na siku yoyote mtoto huyu akishikwa na hofu, ya udaktari au ya kitu kingine, nitamnunulia mchele safi. Mawe nitatia mimi.

Lala salama, mama yangu.

Mwanao,
Mishi