Mgeni Wangu wa Manyoya

Shikamoo Bibi,

Nakuja na mgeni. Usipige vigelegele, si mchumba. Ni dubu wa mbao. Huku kaskazini mwa Japani nimekutana na mzee mchongaji wa kabila la Ainu. Kupitia mkalimani alinieleza kwamba kwao dubu ni mungu anayewatembelea watu akiwa amevaa manyoya. Wanamkirimu, kisha wanamsindikiza arudi kwake. Basi nikachuchumaa mbele ya yule dubu, nikapiga makofi taratibu, kama ulivyonifundisha kuamkia wakubwa. Mkalimani alicheka. Mzee hakucheka, alimfunga dubu kwenye kitambaa, akanikabidhi: "Huyu amepata wenyeji."

Kwa hiyo Bibi, usije ukamweka azuie mlango usipigwe na upepo. Msongee ugali wa ulezi. Asipoumaliza, mimi nipo.

Mjukuu wako akupendaye,
Devota