Manyanga Yako, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale usiamke, na nyumba hii bado inakusikiliza. Mama akisikia kitu kinachakarisha jikoni, hugeuka kwanza, ndipo akumbuke.

Ulikuwa fundi viatu mchana na mpiga manyanga jioni, na huko kote hukuwahi kumpandishia mtu sauti. Bendi yenu ilipotajwa redioni, walitajwa mwimbaji na mpiga gitaa, basi. Wewe ulicheka tu: "Mchuzi ukisifiwa, nani huitaja chumvi?" Mama ndiye aliyeudhika kwa niaba yako miaka yote.

Jambo moja tu lilikufanya mkali. Manyanga yako yalikuwa makopo mawili ya maziwa, umeyaziba mwenyewe kwa gundi ya viatu, na mtoto kuyagusa, ole wake! Mvua ikinyesha, koti lako unayafunika manyanga, wewe unarudi umelowa chepechepe. Tukikuuliza umetia nini ndani, unasema, "Mbegu." Mama hakukubali hata kidogo. Mbegu gani hizo zinalazwa chini ya mto?

"Humo mna shanga za mwanamke," alikuwa akimwambia Shangazi, dada yako. "Wanamuziki nawajua mimi. Nimeolewa na mmoja."

Ulipokufa, watu wa makumbusho wakaja. Walivaa glavu, Baba! Glavu za kushikia kopo la maziwa! Mtunzaji wao, dada mmoja mpole, alisema wanakusanya vyombo vya wanamuziki ambao hawakutajwa popote. Akatoa picha ya bendi yenu. Wewe umekatwa pembeni, umebaki mkono na kopo.

"Tunamtafuta mwenye mkono huu," akasema.

Mama akamtazama juu mpaka chini. Miaka yote hiyo hamkumwona, leo kafa ndio mnamwona? Hapa pana jambo. Akayafungia manyanga kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Mtunzaji akarudi, Mama akampa chai, kabati hakumpa. Akarudi tena. Safari hiyo Mama akamuuliza waziwazi: "Mnataka kuyapasua, sivyo?"

"Hapana, Mama. Kuna mashine ya eksirei. Inaona ndani bila kugusa gundi."

Hapo Mama akaushika ufunguo kifuani, na sisi tunamjua. Sasa hakuwaogopa makumbusho tena, alikuogopa wewe. Kitinda mimba wako akamsihi, "Mama, tuwape hivyohivyo. Tusiangalie."

"Shaka hii nimelala nayo tangu hujazaliwa," Mama akasema. "Twende."

Tulikwenda wote. Mama alibeba manyanga mwenyewe, hakumwachia mtu. Mashine ikanguruma, picha ikatokea kwenye skrini. Mbegu tuliziona, kweli, hukudanganya. Na katikati ya mbegu tukaona meno. Meno madogo ya utoto, Baba, ya kwetu sisi, yale uliyokuwa ukituambia panya kayachukua. Kumbe panya mwenyewe ni wewe! Ulizunguka nayo kila mji mliopiga, na nyimbo zote zile watu wanazochezea, ni meno yetu yanayolia humo ndani.

Kifungua mimba wako akajishika mdomo. Mama akaketi kwenye kiti cha fundi wa mashine, akalia mpaka fundi akatoka nje. Kisha akakutukana kwa mapenzi: "Mjinga huyu! Si angesema tu?"

Manyanga yako yapo makumbusho sasa, yamezibwa vilevile ulivyoyaacha, na jina lako limeandikwa peke yake kwa herufi kubwa. Mama hupita mara kwa mara kukagua gundi. Wale watu, anasema, wazuri, lakini usimwamini mtu mwenye glavu.

Tunakukumbuka, Baba, na hatutachoka maisha yetu yote: mkeo, ambaye shaka imemwisha, dada yako, aliyesikiliza shaka hiyo miaka yote na bado anamcheka wifi yake, sisi wanao watatu, na mjukuu wako, ambaye jino lake la mbele limeanza kulegea, na ameshatuambia halitupwi.