Kitenge Mbele ya Televisheni

Shelui,
11 Februari 2024

Mwanangu Jenipher,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri ninapopanda ngazi za kanisa. Mvua imetuhurumia mwaka huu, alizeti zimenifika kiunoni. Wewe na biashara yako ya makava ya simu hapo Dodoma mnaendeleaje? Unapika, au bado unaishi kwa chipsi?

Uliniuliza ninaangalia picha gani siku hizi. Kwenye simu hatuelewani, hiki kitochi changu kinameza maneno, kwa hiyo naandika kama kawaida yetu na Paschal, kondakta, atakuletea.

Nimeangalia ya Kihindi, ya ndugu wawili waliopotezana kwenye treni wakakutanishwa ukubwani na wimbo wa mama yao. Hadithi hiyo naijua kama njia ya kisimani, na bado nimelia. Yule mdogo, ambaye ndiye steringi, alipigwa risasi ya tumbo akaimba beti zote. Sikukasirika. Steringi hafi, na mtu asiyekufa lazima apewe shughuli ya kufanya.

Ninyi vijana mnazicheka picha zetu za hapa nchini, eti geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, na dakika zinakwenda. Mimi nazitetea. Mtu ambaye hajawahi kuwa na geti anataka kuliona likifunguka mpaka mwisho.

Nisichokisamehe ni kuonyesha bila kufunika. Unakumbuka banda langu la video pale yanapolala malori? Benchi moja walikaa mkwe na mama mkwe wake. Mimi kila picha niliiangalia kwanza peke yangu, nikajua aibu iko wapi. Ikikaribia, nasimama mbele ya televisheni na kitenge cha mama yako, nimekitanua kwa mikono miwili, mpaka wale watu wavae nguo zao. Hakuna aliyedai kiingilio chake. Watu walikuja kuona picha, hawakuja kuaibishana.

Baba yako,
Isaka


Dodoma,
3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, jipake ile dawa niliyomkabidhi Paschal. Mimi ni mzima, biashara inakwenda, na jana nimepika dagaa, kwa hiyo usinisengenye.

Barua yako nimewasomea wenzangu. Ile ya geti na ile ya kitenge zimewavunja mbavu. Wamekupenda wengi, kuliko unavyodhani. Wanasema hawajawahi kusikia mtu anazungumzia muvi namna hiyo, tena mzee. Naomba uandike zaidi, baba, usiogope kurefusha.

Halafu nina swali. Zamani ulikuwa na banda zima, kisha ukawa na mama. Tangu atutoke, unaangalia na nani?

Mwanao,
Jenipher


Shelui,
14 Aprili 2024

Mwanangu Jenipher,

Nashukuru kusikia u mzima na dagaa umepika. Hapa tu wazima, isipokuwa jirani yetu Mughwai alianguka na baiskeli akitoka mashineni. Hajaumia sana, ila anasimulia ajali hiyo kama ya ndege.

Umeniuliza naangalia na nani. Swali hilo hata mchungaji hajaniuliza. Nitakujibu, lakini hili libaki kati yangu na wewe.

Unajua mama yako hakusoma. Picha ikiwa na maandishi chini, mimi nilimsomea sikioni kwa Kinyiramba, polepole, nisiwaudhi wengine. Kuna wakati nilichelewa akanigonga na kiwiko, maana yake sema, yule dada amejibu nini. Tuliishi hivyo miaka yote. Sasa hivi nikiwasha televisheni natoa kigoda chake, nakiweka pale pale palipokuwa pake, upande wa kulia. Nasoma maandishi, namwambia mama yako, Hana wangu, anachosema yule, na kwa nini huyu amenuna. Macho yangu yameanza kuchoka, maandishi mengine yananipita, basi hayo namtungia. Zamani pia nilimtungia mara mojamoja, akajua, akacheka.

Sijachanganyikiwa, usije ukawapigia simu shangazi zako. Najua alipo, nilishika jembe siku ile. Ila picha ya kuangalia peke yako haina chumvi.

Baba yako,
Isaka


Dodoma,
19 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za mavuno? Mpe pole Mughwai na ndege yake.

Barua yako ya kigoda nimeisoma mara nyingi sana, na nimelia. Mimi sikuwa najua. Asante kwa kuniambia.

Nimepata fedha kidogo za ziada, mambo yameninyookea ghafla. Paschal anakuletea televisheni bapa, kubwa, maandishi yake yanaonekana hata kwa mtu aliyeko uani. Usiniulize bei, wewe angalia tu.

Ukiandika tena, niambie zaidi kuhusu kigoda. Mama huwa anajibu nini? Akikasirika je? Andika vile vile unavyomwambia, neno kwa neno.

Mwanao,
Jenipher


Shelui,
21 Julai 2024

Jenipher,

Habari za huko. Mimi ni mzima. Alizeti zimevunwa. Baridi ni kali asubuhi.

Televisheni nimempa Paschal airudishe. Iko ndani ya boksi lake, nimeifunga kamba kama ilivyokuja. Ya zamani inatosha.

Nakutakia kazi njema.

Isaka


Dodoma,
4 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Siulizi hali, kwa sababu nimepiga simu kila siku na hupokei, na kwenye barua umeandika jina lako tu kama unaandikia benki.

Paschal amenieleza. Mlikuwa mnasubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, Mughwai akaja na simu anafurahi, akasema Isaka umekuwa maarufu, akaongeza sauti ili wote wasikie. Paschal anasema uliiangalia ile video yangu mpaka mwisho, ukabeba gunia lako la mahindi yasiyosagwa ukaondoka.

Baba, nilianza kwa utani. Ile ya geti niliisoma mbele ya simu nikiigiza sauti yako, nimevaa miwani iliyofungwa uzi, watu wakaipenda. Wakaomba nyingine. Wafuasi wakaongezeka, wenye maduka wakaanza kunilipa nitaje bidhaa zao. Ilipokuja ya kigoda nilijiambia nitaisoma kwa heshima. Nikaanza kwa heshima kweli, halafu nikakumbuka kwamba wanaongojea ni wa kucheka, nikaigonga stuli na kiwiko. Ndiyo iliyosambaa nchi nzima. Sikutaja ukoo wetu, wala Shelui. Nilidhani hakuna atakayejua. Nilisahau kwamba nimelitaja jina la mama.

Nimejirekebisha, baba. Nimerekodi video ya kukuomba radhi, nimesema yote, nimelia. Imetazamwa kuliko hata ile ya kwanza, na watu wengi wamelia pamoja nami, wanakuombea. Mwambie Mughwai akuonyeshe. Ukiiangalia utajua ninavyoumia.

Mwanao,
Jenipher


Shelui,
1 Septemba 2024

Jenipher,

Salamu. Mimi mzima, sijui wewe.

Nimeiangalia. Mughwai ameniletea simu yake nyumbani, akageukia ukutani muda wote. Naye ana haya zake, hakujua alichokuwa anakitangaza pale mashineni. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakuandikia tena habari za picha yoyote. Hii naandika kwa sababu umeniomba niiangalie, na mimi picha sijui kuiangalia nikakaa kimya.

Umelia vizuri. Machozi ya kuigiza nayajua, yale yalikuwa yako kweli. Lakini nimeonyesha picha nusu ya maisha yangu, na najua kamera haijiwashi yenyewe. Kabla ya kulia uliiegesha simu mahali. Ukakaa, ukatazama kama mwanga unatosha uso. Ndipo ukaja kulia. Mimi nilikuwa Shelui, na basi linapita kila siku.

Nyuma yako umetundika kitenge. Nimekitambua kabla hujafungua mdomo, ni kile nilichokupa baada ya mazishi. Kitenge kile kilifunika aibu za watu nisiowajua, madereva na wake za watu, miaka na miaka. Wewe umekitundika ukutani kipendezeshe chumba wakati unaifunua ya kwangu.

Umewaomba radhi wafuasi wako. Mimi si mfuasi wako, Jenipher. Mimi nilikutangulia.

Hujaniuliza kinachoniuma ni nini, umedhani ni kuchekwa. Nimeshachekwa sana, mwenye banda la video huchekwa kila umeme ukikatika. Kinachoniuma ni kwamba maneno niliyomwambia Hana sikioni, sasa yanajulikana mashineni, stendi, hata kwenye kwaya. Naona kama nimemtoa nje hajavaa, tena kwa mkono wangu mwenyewe, maana ni mimi niliyeandika. Namwonea aibu. Kigoda nimekiondoa. Nikiwasha televisheni sijui niseme nini, nazima.

Isaka


Dodoma,
20 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama, kuku uliyenifungia tumemla. Naandika yale niliyoshindwa kuyasema nilipokuwa hapo nyumbani.

Nilipanda basi bila kukuambia kwa sababu niliogopa utanikataza. Niliposhuka stendi vijana wa bodaboda walinitambua. Mmoja aligeuza ndoo, akaiweka upande wa kulia, akaigonga na kiwiko akaiuliza, "Hana, umeona hapo?" Wenzake wakacheka, kisha wakaniomba tupige picha ya pamoja. Nilitaka kuwatukana nikakosa pa kuanzia. Hawakuongeza hata neno la kwao, yote ni yangu, mimi ndiye niliyewafundisha. Nikaelewa kwamba hapo ndipo unapopita kila unapokwenda mashineni.

Ulinipokea vizuri mno. Uliniwekea kiti, ukanichinjia kuku, ukaniuliza safari ilikuwaje na kama nitahitaji maji ya moto. Ungenigombeza ningejua bado mimi ni wa nyumbani. Baba hachinjii mwanawe kuku kila mlo, anachinjia wageni.

Kigoda nilikiona jikoni kimebebeshwa ndoo ya maji. Sikukigusa, sikuwa na haki hiyo.

Tulipoangalia ile picha ya kivita nilikusomea maandishi yaliyokupita, nawe ukaitikia mm, mm, mpaka ikaisha. Nilitaka kusema neno hapo. Nikaona haya, ukaaga ukaenda kulala.

Video zangu nimezifuta zote, hata ya kuomba radhi. Lakini wengine walishazichukua, wakazikata, wakaziwekea muziki, na hizo sina uwezo nazo. Wewe ulisimama na kitenge kabla aibu haijafika. Mimi nimekishika baada ya watu wote kuona, na sasa hakina cha kufunika. Nimekiacha juu ya televisheni ya zamani, pembeni ya ile picha ya Kikorea niliyokuletea. Huenda umeshakiona.

Nisamehe baba. Naandika mezani, hakuna mtu, simu iko chumba cha pili. Nimekuaibisha wewe, na nimemwaibisha mama ambaye hawezi hata kunigombeza. Naona aibu, na sijui pa kuipeleka.

Mwanao,
Jenipher


Shelui,
8 Desemba 2024

Mwanangu Jenipher,

Sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye peke yako. Mvua za kwanza zimeanguka na nimeanza kulima. Goti liko vile vile. Mughwai anakusalimu, amebadilisha simu, amenunua kitochi kama changu, anasema kinatosha.

Vijana wa stendi bado wanaigiza. Watachoka, ama nitazoea.

Jana mchana, mvua ilipotufungia ndani, tuliangalia ile ya Kikorea, ya binti anayerudi kwao halafu anasimama nje, hathubutu kupiga hodi. Ina mvua kupita kiasi, na sikuona shamba hata moja. Huyo binti kasimama mpaka nywele zimeganda, baba yake yumo ndani anamenya viazi, na mtengenezaji anataka tungoje. Tukangoja. Maandishi ya mwisho yalinipita, nikayatunga.

Mama yako anasema binti amekonda. Anasema pia angesukuma tu, mlango ule haukuwa umefungwa.

Hii isome peke yako.

Baba yako,
Isaka